Chinchard ya Namibia, mpale ya Kasenga: juu ya nini ya mbali njo ya bei ya chini?

#1 MamaKatoni
Jambo wote. Nauzaka samaki ya baridi komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kuko jambo linanisumbua kweli. Chinchard (wengine munaitaka Thomson) inavuliwa baharini Namibia, inapandishwa kamiyo Walvis Bay, inakata Zambia yote, inalipa duane (ushuru) mpakani Kasumbalesa, inafika kwangu ingali jiwe. Mpale, samaki ya kwetu, iko inaogelea mto Luapula upande wa Kasenga, safari ya siku moja njia ikiwa kavu. Lakini makuta ya mpale moja ya kujaza sahani, mteja anapata nayo chinchard tatu. Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza kama chinchard iko na dawa, juu bei yake haieleweki. Nilikosa jibu. Mtoto wangu wa chuo anasema serikali za ng'ambo njo zinawalipia wavuvi mazutu (dizeli). Ni kweli? Nipeni maneno ambayo naweza kumwambia mteja akiwa amesimama mbele ya meza.

#2 ShofereWaKasumba
Jambo mama. Dawa haiko, ni baridi tu. Mimi nimeendesha Walvis Bay–Lubumbashi miaka sita. Mzigo unatakiwa kubaki nyuzi 18 chini ya sifuri, na ile injini ndogo ya frigo inakunywa mazutu hata kamiyo ikiwa imesimama. Foleni ya Kasumbalesa ikichukua siku tatu, inakunywa siku tatu. Tena tangu Desemba 2021 Zambia iliacha kulipia sehemu ya bei ya mafuta, na sisi wa njiani tuliona tofauti kituo kwa kituo.

Pamoja na hayo, nyuma yangu kuko tani karibu 28. Gawanya mazutu ya safari yote kwa tani 28, uone kilo moja inabeba makuta ngapi. Mutu wa Kasenga anakuja na vikapu sita juu ya Fuso, pamoja na abiria, mihogo na mbuzi. Kilo yake moja inabeba makuta mengi kuliko ya kwangu, hata kama mimi natoka baharini.

#3 MwalimuRuashi
Mtoto wako hakukosea, mama, ila hesabu hakuimaliza. Mwaka 2018 serikali za dunia ziliingiza karibu dola bilioni 35.4 kwenye uvuvi wa baharini. Katika hizo, karibu bilioni 22.2 ni za kuongeza nguvu ya kuvua: mafuta ya bei nafuu, kujenga na kutengeneza meli, kusamehe kodi. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mafuta. China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Korea Kusini na Japani peke yao walitoa zaidi ya nusu.

Ubaya wake ni huu. Mvuvi anayejilipia, samaki wakipungua, anafika siku anaona mazutu ya usiku mmoja yamezidi samaki wa usiku huo. Anafunga mtumbwi wake. Maji yanapumzika hata kama hakuna askari wala sheria. Ukimlipia mazutu, siku ile haimfikii. Anaendelea kutoka, anavua hata wale wadogo, na serikali yake inahesabu kwamba imemsaidia maskini. Watafiti waliopima bahari kuu, ile isiyo ya nchi yoyote, walichapisha mwaka 2018 kwamba asilimia 54 ya maeneo yanayovuliwa huko yasingeleta faida bila msaada wa serikali. Benki ya Dunia nayo ilikadiria kwamba mwaka 2012 pekee dunia ilikosa dola bilioni 83 kwa kutuma meli nyingi nyuma ya samaki wachache.

Basi mteja wako anakula samaki ambaye mtu wa mbali, asiyemjua, ameshamlipia sehemu ya bei.

#4 MwanaKasenga
Mwalimu, unatupeleka Korea wakati baryeri (vizuizi vya njiani) ziko hapa hapa kwetu. Nimezaliwa kando ya Luapula, baba alivua, mimi nanunua kwa wavuvi na kupandisha Lubumbashi. Safari yangu ya mwisho nilihesabu mara ngapi Fuso ilisimamishwa. Mara tisa. Mara nne kulikuwa karatasi. Mara tano hakukuwa karatasi yoyote, kulikuwa mkono ndani ya kikapu. Anayechukua anachagua mkubwa, huyo huyo ambaye ningemuuza kwa faida. Shofere hapo juu analipa mlango mmoja mkubwa Kasumbalesa. Mimi nalipa vidirisha tisa.

Na mvua ikinyesha, njia inakuwa supu. Barafu inayeyuka, nafika na samaki wa kukausha, si wa kuuza mubichi. Hiyo haitaki Benki ya Dunia kuieleza.

#5 KijanaWaWalvis
Salamu kutoka Walvis Bay. Mimi ni mtoto wa Katuba, niko nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki huku mwaka wa tano. Mwalimu (#3), hesabu zako ni za dunia, nazikubali, lakini Namibia usiiweke ndani ya kikapu hicho. Hapa serikali hailipi mazutu ya meli. Kinyume: kampuni inapewa kota (kiasi cha samaki inachoruhusiwa kuvua), na kwa kila tani inalipa ada. Ukivuka kota, unalipa zaidi. Kwenye meli kubwa kunakuwa mkaguzi anayeandika.

Bei ya chini inatoka kwa aina ya samaki na aina ya meli. Chinchard anatembea kwa makundi makubwa katikati ya maji. Wavu mmoja unatoa tani nyingi kwa mara moja, na samaki anagandishwa palepale melini, anaingia katoni akiwa baharini, amepangwa kwa urefu: 16+, 20+, 25+. Hakuna mutu anamtoa matumbo, hakuna anayemkata vipande. Hake, samaki mweupe anayepelekwa Ulaya, anapita mikono mingi sana huku ndiyo maana ni ghali. Chinchard mikono yake ya kwanza ni ya yule anayempika.

#6 MwalimuRuashi
Aksanti kwa masahihisho, Kijana. Naomba uniruhusu swali moja. Kabla ya 1990, kabla ya Namibia kupata uhuru, nani alikuwa anavua chinchard hapo? Nakumbuka tulipokuwa wadogo samaki hii ilikuwa imeshaingia kwenye sahani zetu.

#7 KijanaWaWalvis
Wasovieti na wenzao wa Ulaya ya Mashariki, kwa sehemu kubwa. Meli za serikali, mafuta ya serikali, mishahara ya serikali. Hapo naona unakotaka kunipeleka, na nakubali: mazoea ya kula chinchard kwa bei ndogo yalijengwa na meli ambazo hazikuulizwa faida. Namibia ilipopata uhuru Machi 1990 ilifukuza meli zilizokuwa zinavua bila ruhusa yake, ikaanza kota.

Lakini kuko jambo la zamani zaidi ambalo wazee wa hapa bado wanasimulia kwa uchungu. Bahari hii ilikuwa ya sadini. Mwaka 1968 walitoa karibu tani milioni 1.4 za sadini, miaka michache baadaye ikaanguka, na mpaka leo haijarudi kama zamani. Viwanda vilifungwa. Penye sadini wakaja mayavuyavu na samaki wengine. Sisi tunauza chinchard katika nyumba ambayo ilikuwa ya mwingine.

Tena kota nazo si malaika. Novemba 2019 mawaziri wawili wa Namibia walijiuzulu kwa kashfa ya hongo, na kilichogombaniwa kilikuwa kota za chinchard, hizo hizo zinazojaza katoni za Mama. Wafanyakazi wengi wa meli walipoteza kazi baada ya hapo. Nawafahamu wengine.

#8 FundiFrigo
Naingia kidogo tu. Nyote mnasahau umeme. Natengenezaka frigo za wamama soko la Kenya na Njanja. Umeme ukikatika usiku mbili mfululizo, katoni inalainika, na chinchard iliyolainika inauzwa siku hiyo hiyo kwa bei yoyote. Siku zingine bei ya chini ambayo mteja anaona ni hasara ya Mama, si msaada wa serikali. Mama, sema ukweli.

#9 MamaKatoni
FundiFrigo hajadanganya. Mwezi uliopita nilipoteza katoni mbili hivyo. Lakini hata siku umeme iko mzima, bei ya chinchard iko chini ya mpale. Swali langu lingali hapa.

#10 WaKalemie
Jambo wote. Mnaongea kama samaki wa maziwa yetu wangalipo wengi ila njia njo mbaya. Kwetu Tanganyika, hata ukitengeneza lami mpaka kwenye mchanga, samaki ya mikebuka haiko ya kujaza kamiyo. Baba yangu alikuwa anarudi alfajiri na ndagala za kumwaga. Mimi natumia taa zaidi yake, mazutu zaidi yake, narudi na nusu.

Kuko sababu ambayo wengi hawaioni, kwa kuwa iko chini ya maji. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Chakula cha viumbe vidogo kimelala chini, na upepo wa kiangazi njo unakoroga maji ili ile chakula ipande juu kidogo kidogo. Hewa ikipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unapita, haukorogi. Watafiti waliandika mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa ziwa ulipungua karibu asilimia 20, na hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Sisi tuliona kwanza, wao waliandika baadaye.

#11 MwanaKasenga
WaKalemie, hiyo ni Tanganyika, yenye shimo. Mweru, ziwa letu la Luapula, haina shimo, ni sahani. Kwetu jambo ni urefu wa maji. Mwaka wa mvua nyingi, maji yanaingia kwenye majani, mpale wanazaa huko, na baada ya mwaka mmoja au miwili unaona samaki. Maji yakishuka, vikapu vinashuka. Wazee hawahesabu joto, wanahesabu mti fulani ambao maji yanaufikia.

Kwa hiyo hali ya hewa naikubali, lakini kila ziwa lina namna yake. Msitufunge wote kwa kamba moja.

#12 WaKalemie
Nimekuelewa kuhusu sahani na shimo. Lakini na samaki ya mpumbu? Waliondolewa na maji kushuka?

#13 MwanaKasenga
Hapana. Hapo umenishika. Mpumbu walimalizwa na nyavu. Wagiriki waliofanya biashara Kasenga walikuwa wanapeleka samaki Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kulisha wafanyakazi wa migodi. Mpumbu anapanda Luapula wakati wa mvua, makundi kwa makundi, kwenda kutaga. Watu waliweka nyavu palepale njiani kwake, akiwa na mayai tumboni. Mpaka miaka ya 1940 inaisha, alikuwa ameshaanguka. Babu alisema sauti ya kundi likipanda ilisikika kijijini usiku. Mimi sijawahi kuisikia.

Angalia basi: hakukuwa msaada wa mazutu, hakukuwa joto. Kulikuwa mgodi wenye njaa upande mmoja, na wavu kwenye mlango wa uzazi upande wa pili. Leo Zambia wanafunga uvuvi tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari kwa ajili hiyo hiyo ya kutaga. Ng'ambo yetu kufunga kunategemea nani anapita siku hiyo. Samaki hajui mpaka uko katikati ya mto.

#14 BukavuNyawera
Aksanti kwa uzi huu. Kwetu Kivu mambo ni ya ajabu zaidi, samaki ndogo ya sambaza tunayojivunia si ya kwetu. Waliitoa Tanganyika mwaka 1959 hivi, wakaimwaga Kivu kwa kuwa katikati ya ziwa hakukuwa samaki wa kula vile viumbe vidogo. Ikashika. Leo ukiona usiku mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka mpaka kisiwa cha Idjwi, ni kazi ya samaki mgeni. Mita sitini hivi za juu tu njo zenye hewa ya kupumua, chini ni gesi.

Nataka niongeze kitu juu ya "msaada". Mwalimu anaongea dola bilioni. Mimi naongea supaneti. Zile chandarua zinazogawiwa bure kuzuia malaria, nimeona kwa macho yangu zimeshonwa pamoja, zinakokotwa ufukweni, zinatoa vitoto vya sambaza vidogo kama kucha. Wavu halali unanunuliwa kwa makuta mengi. Supaneti ni bure. Hakuna aliyepanga kuwalipia wavuvi, lakini mbele ya ziwa ni sawa na kulipia: chombo cha kuvua kimeshuka bei mpaka sifuri. Na simlaumu yule mama anayekokota, ana watoto. Nasema tu kwamba msaada unafika ziwani hata bila jina hilo.

#15 ShofereWaKasumba
Watu wa Kivu! Tuongelee chinchard, tuongelee makayabu, lazima mtaleta sambaza mezani.

#16 BukavuNyawera
Na wewe utaila ukija, tena na bukari yako, na utaomba kuongezewa.

#17 KolweziDroit
Narudisha msaada mahali pake. Shirika la Biashara Duniani limeshaufunga huo mchezo. Mkataba ulipitishwa Geneva mwaka 2022, na tangu mwaka huo msaada wa uvuvi ni marufuku. Kwa hiyo hoja ya Mwalimu ni ya zamani.

#18 MwalimuRuashi
Ndugu, hapo umepitiliza mara mbili. Kupitishwa ni tarehe 17 Juni 2022, baada ya mazungumzo yaliyoanza 2001. Lakini mkataba ulihitaji theluthi mbili ya wanachama waukubali, yaani nchi 111. Hesabu hiyo ilitimia Septemba 2025, na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 15 mwezi huo.

La pili: haukufuta msaada wote. Unakataza kumsaidia anayevua kinyume cha sheria, kusaidia uvuvi wa samaki ambao wameshapungua kupita kiasi (isipokuwa msaada uwe wa kuwarudisha), na kusaidia uvuvi wa bahari kuu isiyo na shirika la kuisimamia. Ule msaada mkubwa wa kila siku, wa mazutu na wa kujenga meli, walijaribu kuufunga Abu Dhabi mwaka 2024 wakashindwa kukubaliana. Tena kuna kifungu kinachosema wasipokubaliana sehemu hiyo ndani ya miaka minne tangu mkataba uanze kazi, mkataba wote unakufa, labda wanachama waamue vingine.

#19 KolweziDroit
Nimekubali masahihisho. Ongeza na hili, nimelisoma sasa hivi ndani ya maandishi yenyewe, kwenye maelezo ya chini: malipo ambayo serikali moja inailipa serikali nyingine ili meli zake ziingie kuvua hayahesabiwi kama msaada. Kwa hiyo Ulaya inapoilipa Mauritania euro milioni 57.5 kwa mwaka, kwa protokoli ya 2021, mkataba huu hauyagusi. Makuta ya mlipa kodi yanafungua mlango wa bahari, mwenye meli analipa sehemu tu.

#20 KijanaWaWalvis
Mauritania imenikumbusha. Mama Katoni, kabla ya kuendelea kugombana, nenda kwenye chumba cha baridi uangalie katoni zako. Kwenye karatasi iliyobandikwa kutakuwa neno FAO na namba. Hiyo ni namba ya eneo la bahari. Ukikuta 47, ni huku kwetu, Atlantiki ya kusini mashariki: Namibia, Angola, Afrika Kusini. Ukikuta 34, ni Mauritania, Senegali, Moroko. Ukikuta 87, ni Chile na Peru, ng'ambo kabisa. Angalia na jina la Kilatini: Trachurus capensis ni wa huku. Sisi tunabishana juu ya samaki ambaye hatujamuuliza anatoka wapi.

#21 MamaKatoni
Nimetoka sasa hivi, vidole vimeganda. Ninazo katoni 22. Kumi na tano zimeandikwa FAO 47, Trachurus capensis, vile Kijana alisema. Saba zimeandikwa FAO 34, Trachurus trecae. Zote nilinunua depo moja, siku moja, bei moja! Miaka kumi na moja nauza "chinchard ya Namibia" na sijawahi kusoma ile karatasi. Na mimi nilikuwa nasema wateja zile ndogo ndogo ni "za msimu".

#22 MwalimuRuashi
Basi meza yako ina majibu mawili, mama. Katoni kumi na tano ni hoja ya Kijana: kota, meli kubwa, mikono michache. Katoni saba zinaweza kuwa hoja yangu, kwa kuwa kwenye maji hayo ya 34 zinavua meli za mbali, za Ulaya, Urusi, Uturuki, China. Ila karatasi haisemi meli ilikuwa ya bendera gani.

#23 KijanaWaWalvis
Inaweza kusema. Angalia jina la meli au namba ya kiwanda. Kama ni meli kutoka Mauritania yenyewe, Mwalimu atapunguza sauti.

Na msisahau joto hata huku. Bahari yetu ni ya baridi, lakini miaka fulani maji ya moto yanashuka kutoka Angola, yenye hewa kidogo. Mwaka 1984, mwaka 1995. Ile ya 1995 ilikuta sadini wameanza kupumua, ikawapiga tena. Chinchard anavumilia zaidi, lakini anahama, anakwenda chini zaidi, na meli inatumia mazutu zaidi kumtafuta. Joto linaingia ndani ya bei kupitia mazutu hayo.

#24 WaKalemie
Hilo njo nilikuwa nataka mtu aseme. Samaki akihama, nani mwenyewe? Kule Atlantiki ya kaskazini makareli walisogea mpaka maji ya Iceland baada ya mwaka 2007 hivi, Iceland ikaanza kuwavua, Ulaya na Norway wakakasirika, kila mmoja akajiandikia kota yake. Jumla ikazidi ushauri wa wataalamu. Na hao ni matajiri wenye meli za utafiti na wanasheria. Sisi wa Tanganyika tuko nchi nne juu ya ziwa moja. Tanzania ilifunga uvuvi 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu. Wavuvi wa huko waliumia, nawahurumia, lakini nilikula ndagala nono baada ya hapo.

#25 FundiFrigo
Suluhisho ni kufuga. Jirani yangu njia ya Likasi amechimba mabwawa mawili ya tilapia. Bahari iachwe.

#26 MwalimuRuashi
Kufuga kumeshika kasi kweli, Fundi. Mwaka 2022 dunia ilifuga tani milioni 94.4 za samaki na wanyama wengine wa majini, kwa mara ya kwanza zaidi ya waliovuliwa. Lakini muulize jirani analisha nini. Unga wa samaki ulimwenguni unategemea sana dagaa wa Peru, anchoveta. Mwaka 1970 walitoa zaidi ya tani milioni 12. Ikaja El Niño ya 1972 (ile miaka maji ya bahari yanapata joto), juu ya uvuvi uliokuwa umeshazidi, na 1973 wakapata karibu milioni 2 tu. Hata mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa bahari yake ya kaskazini na kati kwa sababu ya joto. Bwawa la njia ya Likasi linaweza kusikia homa ya Peru.

#27 FundiFrigo
Analisha pumba ya mahindi na mchwa. Hajui Peru iko wapi. Anapata samaki wadogo, lakini anapata.

#28 BukavuNyawera
Mwambie asiache mchwa. Na zile katoni saba za 34 zinanigusa moyo. Pwani ile kuna viwanda vinavyosaga samaki kuwa unga wa kulisha samaki wa nchi nyingine, na wamama wa Senegali waliokuwa wanakausha samaki hao wanakosa wa kununua. Ni wamama kama Mama Katoni. Inawezekana samaki aliyekosekana kwenye meza ya mmoja amefika kwenye meza ya mwingine.

#29 MwanaKasenga
Yote nimesoma, na nimejifunza mengi, nasema kweli. Lakini hakuna aliyejibu upande wangu. Mmeeleza kwa nini chinchard iko chini. Mpale iko juu kwa sababu gani hasa: njia, baryeri, barafu, supaneti, maji kushuka, au kwa kuwa watu wa migodi wenye mishahara wanaitafuta? Mimi nasema baryeri. WaKalemie atasema joto. Shofere atasema vikapu vichache. Tukiondoa kimoja, bei itashuka kiasi gani?

#30 ShofereWaKasumba
Mimi bado nasema vikapu vichache. Lakini Mwana, leta hesabu, tusikisie.

#31 MamaKatoni
Yule mama alirudi leo. Nilimwambia: hii imevuliwa na meli kubwa, samaki nyingi kwa mara moja, ikagandishwa palepale, na hii ingine inatoka bahari ingine ambako labda serikali fulani imesaidia meli. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma yote mawili, akachukua ya 47, akaniuliza kama nina mpale. Sina.

MwanaKasenga, nitumie vikapu viwili Alhamisi. Nataka tuandike kila kitu: uliwanunua ngapi kwa mvuvi, barafu, nafasi kwenye Fuso, kila mahali wanaposimamisha, na wangapi wanafika wakiwa wazima. Nitaviuza kwenye meza hiyo hiyo kando ya chinchard, na hesabu nitaiweka hapa mbele yenu wote.

#32 MwanaKasenga
Nimekubali. Vikapu viwili, kilo 40 kila kimoja. Tatizo ni barafu, Kasenga napata ya vipande vikubwa tu. Fundi, niweke kiasi gani?

#33 FundiFrigo
Kwa joto la sasa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ipondeponde, usiweke vipande vikubwa. Tabaka la barafu chini, samaki, barafu, samaki, na juu barafu tena, kisha gunia lililoloweshwa. Na utoboe kikapu chini maji yatoke, samaki asilale ndani ya maji yake.

#34 MwanaKasenga
Kilo 80 za barafu basi. Na Fuso inalipisha kwa uzito. Naandika hiyo kama mstari wa kwanza.